Bahasha Niliyoifungia Kabatini

Kuna watu hapa Tarime ambao mpaka leo wakiniona napita wanashika suruali zao kwa nyuma, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nikikasirika watajua bado inauma (na inauma). Sasa nimeamua nisimulie mwenyewe, kwa mkono wangu, kuliko kuendelea kuisikia vijiweni ikiwa imetiwa chumvi, maana juzi nimesikia kwamba siku ile nilizimia nikamwagiwa maji. Hapana. Kuzimia sikuzimia. Yaliyobaki karibu yote ni kweli.

Mimi ni Magige, fundi. Shule niliishia darasa la nne, la tano nililiona dirishani. Nilianza na randa moja ya kuazima chini ya bati la watu, leo nina karakana yenye mafundi tisa, mashine mbili za kupasulia mbao na bango ambalo jina langu unaanza kulisoma ukiwa bado stendi. Nusu ya milango ya maana hapa mjini nimeitengeneza mimi, na nusu nyingine wenyewe wanajuta. Nasema hivi siyo kwa majivuno (sawa, kidogo kwa majivuno), nasema ili mjue mtu aliyeanguka siku ile alikuwa anaanguka kutoka wapi.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imetupandisha wazimu wilaya nzima. Mtu analala mkulima wa mihogo, anaamka ana duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, nyuma ya choo chake. Wageni wanashuka kwenye mabasi kila siku, kampuni zinafuatana na magari yao makubwa, na kila kampuni inataka vitanda, meza, milango. Moja ya hizo, kampuni ya kuchoronga miamba, yaani kuitoboa kwa mashine (jina silitaji, na isitoshe ilishahama), ilikuwa imepiga kambi upande wa Nyarero. Vitanda vya kambi ile nilitengeneza mimi, na havikuwahi kulia hata mara moja, hata wachorongaji wawili wanene wakikaa kwenye kimoja kucheza karata. Kwa hiyo walipojenga jengo jipya la wafanyakazi, lenye chumba cha kubadilishia nguo na kantini ya kulia, wakaniita tena.

Ila safari hii walisema hawataki kazi ya randa. Wanataka kabati za kiwandani, zote kipimo kimoja, mlango mmoja ukiharibika unaagiza mwingine wa namna ile ile unapachika. Kantini kabati za vyombo, na kule kwa kubadilishia nguo zile kabati ndefu nyembamba ambazo kila mfanyakazi anakuwa na mlango wake na kufuli yake, zinaitwa loka, za watu arobaini. Kazi yangu ni kuchagua, kuagiza na kuzifunga. Nilitaka kukataa, maana fundi kama mimi kwenda kununua kabati ya fundi mwingine ni kama mpishi kwenda kula ugali hotelini. Lakini kazi ilikuwa kubwa, nikakubali, nikauza na ng'ombe niliokuwa nawategemea ili nipate pesa ya kuziagiza. Ikipokelewa, karakana inapanda. Ikikataliwa, inafungwa. Hivyo tu.

Sasa lazima niwaeleze habari za mkamwana wangu, yaani mke wa mwanangu Mwita. Jina lake silitamki, namwita Mama Nyangi kwa mtoto wake wa kwanza. Kwao ni Kenyamonta, kule Serengeti. Amesoma huyo, na wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kambini hapo kama ofisa wa afya na usalama wa wafanyakazi, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Na kwa sisi Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai meza moja. Hatushikani mikono, hatukaziani macho, yeye haingii chumbani kwangu na mimi siingii jikoni kwake, tukikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini kupisha. Siyo chuki. Ni heshima, na ni heshima nzito.

Jumapili moja akaja nyumbani na bahasha ya kaki, imebanwa pini mbili, juu ameandika kwa mkono wake "Tata Magige" (tata kwetu ni baba). Nilikuwa sebuleni. Yeye akasimama nje ya mlango, amegeuka ubavu kama inavyotakiwa.

"Shikamoo tata."

"Marahaba mama. Watoto?"

"Wazima. Tata, ofisi imenituma. Humu kuna maelezo ya zile kabati zinavyotakiwa kuwa. Ni kurasa sita, za Kiingereza. Nimeambiwa nikusomee, nikueleze, halafu nisaini kitabuni kwamba umeelewa."

"Mama, wewe ni mke wa mwanangu. Tutainamiaje karatasi moja kama wanafunzi?"

"Nitakaa hapa hapa nje, tata. Nitasoma kwa sauti, wewe utasikia huko ndani."

Ona mtoto alivyokuwa amekwisha kupanga kila kitu asinivunjie heshima! Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulionizalia yote. Ukweli ni huu, na sijawahi kumwambia mtu mpaka siku ya aibu yenyewe: tatizo halikuwa mila. Mila ilikuwa na njia, na yeye alishaiona. Tatizo ni kwamba Kiingereza kinanishinda, hata Kiswahili kirefu nakisoma kwa kidole, na sikutaka mke wa mwanangu ajue kwamba baba mkwe mwenye bango mpaka stendi hawezi kusoma bahasha yake mwenyewe. Nikajificha nyuma ya mila kama mtu anavyojificha nyuma ya mlango.

"Mpe mama yako hiyo bahasha," nikasema, maana mke wangu alikuwa jikoni. "Nitaisoma mwenyewe."

Akasita. "Tata, mimi ndiye ninayesaini..."

"Saini. Magige akisema ameelewa, ameelewa."

Akaenda kusaini, kwa neno langu. Bahasha nikaitia mfuko wa ndani wa koti la suti yangu, suti ya kijivu niliyoshonesha mahususi kwa siku za kupokelewa kazi, nikatundika koti ukutani. Na ikabaki humo.

Wiki iliyofuata nikapanda basi kwenda Mwanza kuchagua. Dukani nikakuta kabati za kila namna, na muuzaji mmoja mpole, wa makamo kama mimi, akaniuliza swali moja tu la maana: "Bosi, zinakwenda kukaa wapi, pakavu au penye maji?"

"Zinakwenda kwa wafanyakazi," nikamjibu.

"Hao wafanyakazi wanafanya kazi gani?"

"Wewe unauza kabati au unaandika habari za watu?"

Akanionyesha kule nyuma safu ya loka za chuma, za rangi ya majivu, zimesimama kwa miguu, juu zimeinama kama bati la nyumba, milango ina matundu juu na chini. Nikacheka. Nikamwambia hizo ni sura ya gereza, mimi Magige siwezi kuwapelekea watu gereza. Nikachagua za chipbodi, yale mabao ya vumbi la mbao na gundi yanayofunikwa karatasi ngumu ya kung'aa, rangi nyekundu kama divai, nyororo, ukisimama mbele yake unaona mpaka meno yako. Hazina tundu hata moja. Juu bapa, chini zimekaa moja kwa moja sakafuni.

"Hizo ni za ofisini na chumbani, bosi," muuzaji akasema. "Maji hazipendi."

Nikamwambia nilianza kushika mbao yeye akiwa bado hajui msumari (uongo, ni rika langu yule).

Lori likazileta, tukazifunga Alhamisi. Fundi wangu mkubwa akaniuliza kama tutoboe ukuta tuzibane kwa bolti. Nikamwambia ukuta wa watu ni mpya, umepakwa rangi juzi, akitoboa atajibu yeye. Basi tukaziegemeza tu, nzito zilivyo, zikakaa. Za kantini nazo tukazipanga. Chumba kizima kilikuwa kinawaka. Nilisimama mlangoni nikajiangalia kwenye milango arobaini, Magige arobaini, wote wanatabasamu. Makabidhiano yakapangwa Jumanne.

Kuanzia Ijumaa wafanyakazi wakaruhusiwa kuanza kuzitumia. Sasa, mchorongaji hatoki kazini kama karani wa benki. Mashine ile inapasua mwamba kwa maji, kwa hiyo mtu anatoka ameloa kuanzia kofia mpaka gambuti, tope limemganda magotini, na ile ovaroli yake ukiikamua inajaza ndoo. Walikuwa wanazitundika hivyo hivyo, zinachuruzika, wanafunga mlango. Na kila zamu ikitoka, wasafishaji wanapiga sakafu kwa mpira wa maji wenye nguvu, mara tatu kwa siku. Haya yote sikuyajua, kwa sababu sikuuliza. Siku zote nne sikukanyaga kule, nilikuwa nanyoosha suti.

Mama Nyangi naye hakuwepo, alikuwa ameomba ruhusa kwenda Kenyamonta kumuuguza mama yake. Kabla hajaondoka alimuuliza mke wangu, Mama Mwita, "Mama, tata aliisoma ile bahasha?" Mke wangu akaja kuniuliza, nikamwambia mjibu nimeisoma mara mbili. Mara mbili! Mtu akidanganya si atosheke na moja.

Jumatatu jioni nikakutana na Marwa, mchorongaji pale kambini, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja, kwa hiyo hana adabu na mimi na mimi sina na yeye.

"Mura," akaniita (hivyo ndivyo sisi wanaume wa rika moja tunavyoitana), "mlango wangu wa kabati unang'ang'ania. Jana niliuvuta mpaka nikakumbuka kuvuta dume kwenda sokoni."

"Ni upya huo. Hata kiatu kipya kinabana."

"Kiatu kipya kinabana mguu, hakivimbi tumbo. Njoo uzione, zimevimba chini kama andazi."

Nikamwambia ana wivu tangu tumetahiriwa.

Jumanne saa nne asubuhi nikaingia kambini na suti yangu, na Mama Mwita nimemchukua, amevaa kitenge kipya, ili aone mumewe anavyoheshimiwa. Msimamizi wa kambi alikuwepo, mtu wa maneno machache sana, na wakubwa wawili kutoka makao makuu, na nyuma yao zamu mbili nzima za wachorongaji, moja inatoka nyingine inaingia, wote wamejazana kwenye kile chumba kutazama. Loka zilikuwa zimefungwa. Kwa mbali zilikuwa bado zinang'aa. Chini kwenye sakafu niliona kama zimenenepa kidogo, nikasema moyoni ni mwanga.

Msimamizi alitaka tu azikague na karatasi yake aondoke. Mimi nikaomba neno. (Kwa nini niliomba neno? Sijui. Kuna mashetani ambayo hayana kazi nyingine.) Nikasema kabati hizi ni za daraja la juu, hata tembo wa Serengeti akipotea njia akaegemea hapa, atapumzika na kuendelea na safari. Wakacheka vizuri. Nikanogewa. Nikasema ili muone nafasi iliyomo, mimi mwenyewe nitaonyesha. Nikavua koti la suti, nikalitundika ndani ya loka moja isiyo na kufuli, nikavua na viatu nikaviweka chini yake, nikapiga mlango kwa kishindo ili wasikie uimara. Pwaa!

Nikasubiri makofi, yakaja machache. Nikashika kishikio nifungue.

Mlango haukutoka.

Nikavuta tena, huku natabasamu. Nikavuta na mikono miwili, tabasamu likiwa limepungua. Kule nyuma nikasikia sauti ya Marwa, "Ni upya huo, mura!" na zamu mbili zikaangua kicheko. Nikavuta kwa hasira, kishikio kikang'oka, nikabaki nimekishika mkononi kama mtu aliyepewa zawadi. Msimamizi akasema taratibu, "Fundi, acha. Tutaita mtu." Kuita mtu! Mimi ndiye mtu! Nikaweka mguu mmoja, na soksi yake, kwenye mlango wa jirani, nikapenyeza vidole kwenye ukingo uliovimba, nikavuta kwa nguvu zangu zote alizonipa Mungu.

Yaliyotokea yalitokea pamoja. Mlango uling'oka na bawaba zake, ile chipbodi ikamong'onyoka kama uji mkavu. Safu nzima, ambayo haikubanwa ukutani, ikaja nayo mbele. Mimi nikateleza kwenye sakafu ya maji nikaenda chini kwa makalio, miguu huku na huku, na suruali ya suti ikapasuka kuanzia mbele mpaka nyuma kwa mlio ambao Mama Mwita anasema aliusikia akiwa mlangoni. Kama siyo wachorongaji sita kurukia ile safu na kuidaka kwa mabega, leo hii mngekuwa mnasoma habari zangu kwa mwandiko wa mtu mwingine. Wa kwanza kudaka alikuwa Marwa. Hilo namshukuru mpaka kesho, ingawa alidaka huku anacheka.

Basi niko chini, nimekaa kwenye maji, suruali imefunguka kama kitabu, na chupi niliyovaa siku hiyo sitaieleza. Nikainua macho mlangoni. Alikuwa amesimama Mama Nyangi. Ametoka Kenyamonta alfajiri, amewahi ili kushuhudia kazi ya baba mkwe wake.

Ninyi msiotoka kwetu labda hamuwezi kuelewa. Mzee kuonekana vile na mke wa mwanawe, kwetu hiyo siyo ajali, ni jambo ambalo zamani lingeitiwa kikao. Nilitamani ile safu wangeiachia tu.

Lakini yeye, mwanamke yule (Mungu ampe maisha marefu), hata sekunde haikupita. Aligeuka, akanipa mgongo, akavua reflekta yake, lile koti la kung'aa la watu wa usalama, akarudi kinyumenyume hatua tatu bila kugeuza shingo, mkono umenyooka nyuma, akasema, "Tata, jifunike." Nikaipokea. Nikajifunga kiunoni. Na watu wote wakanyamaza, hata Marwa, maana waliokuwa Wakurya walielewa alichofanya na wasiokuwa Wakurya walikiona.

Ningependa kusema aibu iliishia hapo. Ile safu ilivyokuwa imeinama mabegani mwa watu, koti langu likateleza kutoka kwenye loka likaanguka, na kutoka mfuko wa ndani ikachomoka bahasha ya kaki, ikateleza juu ya maji, ikaenda kusimama kwenye kisigino cha Mama Nyangi. Akainama akaiokota. Niliona mabega yake tu. Alitazama ule mwandiko wake mwenyewe, "Tata Magige," akatazama zile pini mbili, zimebana kama alivyozibana. Akaibana kwapani chini ya daftari lake.

Msimamizi wa kambi alikuwa hajaona. Alikuwa anakagua kabati zangu, anaweka kidole kwenye chipbodi kidole kinazama. Akanigeukia.

"Fundi, hizi sizo tulizoagiza. Hazina miguu, hazina matundu, hazikubanwa, na si za penye maji. Maelezo ulipewa?"

Nikakaza reflekta kiunoni.

"Nauliza kwa sababu kitabuni imeandikwa ulifikishiwa na ukaelezwa. Mama Nyangi amesaini. Kama hukuelezwa, sema sasa, hiyo ni kesi nyingine, na siyo yako."

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mkasa wenyewe, yale ya suruali ni mbwembwe. Mlango ulifunguliwa mbele yangu, na huo haukuvimba. Ningesema "sikuelezwa", nisingekuwa nimedanganya hata, kwa sababu kweli hakunieleza, nilimkatalia. Kazi mbovu ingekuwa na sababu, karakana ingepona, na yeye, mtu wa miezi ya majaribio aliyesaini kitu ambacho hakukifanya, angefungasha vitu vyake siku ile ile. Neno likafika mpaka kwenye meno. Na bahasha anayo yeye, angeweza kuinyanyua juu aseme, "Hii hapa, mtazameni." Hakuinyanyua. Alibaki amenipa mgongo vile vile, amesimama wima, anasubiri baba mkwe wake aamue ni mtu wa namna gani.

Mgongo ule ndio ulionishinda. Mtu anakupa mgongo ili kukusitiri, halafu wewe umchome hapo hapo?

"Nilipewa," nikasema, bado nimekaa kwenye maji. "Alikuja mpaka kwangu anisomee, nikamkatalia. Nilimwambia asaini. Sikuifungua, kwa sababu hata ningeifungua nisingeisoma. Kiingereza sijui. Kosa ni langu, siyo la mtoto."

Nilisema mbele ya zamu mbili, mbele ya mke wangu, mbele ya Marwa. Hakuna aliyecheka. Mama Mwita alikuja akaniinua, akaninong'oneza, "Mara mbili, ee?" Hilo tu. Amelirudia kila wiki tangu siku ile.

Mama Nyangi akazungumza, uso ukiwa bado umetazama mlangoni. Hakunitetea kwa uongo, na hilo ndilo ninalomshukuru kuliko yote. Alimwambia msimamizi, "Kazi hii nakataa kuipokea, haifai, loka hizi zitamwangukia mtu. Na mimi nimekosea kusaini kabla ya kumsomea, niandikieni onyo. Ila mkataba unampa fundi siku kumi na nne za kurekebisha. Naomba apewe siku zake."

Msimamizi akamtazama, akanitazama mimi na reflekta yangu kiunoni, akasema, "Kumi na nne. Onyo utapata." Akaondoka. Nilirudi nyumbani nyuma ya pikipiki, nang'aa kama kibao cha barabarani.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, Mama Nyangi akaja nyumbani. Akapita moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe wake, akakaa kwenye kigoda akiwa ameegemea ukuta, na mimi nikakaa sebuleni nimeegemea ukuta ule ule upande wangu, Mama Mwita katikati mlangoni na sufuria. Nikasikia pini zinatolewa, moja, ya pili. Akaanza kusoma. Anasoma Kiingereza kidogo kidogo, halafu ananigeuzia Kiswahili, na mimi naandika kwa penseli ya fundi nyuma ya kipande cha plaiwudi.

Jamani, karatasi ile ilikuwa na akili! Ilianza kwa kuuliza watu watakaotumia ni nani, wanaingia na nini mwilini, na mahali panasafishwaje, yale maswali ya muuzaji wa Mwanza niliyemtukana. Chuma kilichopakwa rangi ya kuokwa tanurini isibanduke kwa maji, siyo chipbodi. Miguu ya kuinua kabati kutoka sakafuni, ili maji ya mpira yapite chini na yatoke. Juu kuinama, watu wasirundike matakataka na vumbi lisikae. Matundu juu na chini, ovaroli ikauke na isinuke. Sehemu ya gambuti peke yake, mbali na nguo ya kwenda nyumbani. Kubana ukutani. Na za kantini, rafu ya juu isizidi urefu ambao mama wa jikoni anafikia bila kupanda stuli, kingo zote zimezibwa. Kila alichosoma nilikuwa nakiona: hapa ndipo nilipoanguka, hapa ndipo kishikio kilipong'oka.

"Tata, umeelewa?" anauliza kila mwisho wa ukurasa.

"Hapo kwenye miguu rudia, mama."

Anarudia. Hakuchoka, hakucheka.

Nilirudi Mwanza nikamwomba radhi yule muuzaji. Alicheka sana, akanipeleka mwenyewe kule nyuma kwenye "gereza", na akanikubalia kubadilisha zile ambazo hazikuwa zimeloa; hasara ya zilizoloa nikaibeba mwenyewe. Siku ya kumi na mbili loka za chuma na kabati mpya za kantini zilikuwa zimesimama, zimebanwa ukutani kwa bolti nilizokaza kwa mkono wangu. Kabla ya makabidhiano nilichukua mpira wa maji nikazipiga mwenyewe kwa nusu saa. Maji yakapita chini, yakatoka, yakaenda zake.

Msimamizi alipokuja na karatasi, hakuna hotuba. Nilisema jambo moja tu. Nilisema, "Mama Nyangi, nisomee, maana mimi sijui." Nikageukia ukuta, yeye akageukia mlango, akasoma kipengele kimoja kimoja kwa sauti, na kila akimaliza kimoja mimi nagonga chuma, ngo!, "Ipo." Tulifika ukurasa wa sita. Akasaini. Miezi yake ya majaribio ilipokwisha wakamthibitisha, barua yake na onyo lake vikakaa faili moja.

Suti ile haikushoneka tena. Ile reflekta nilitaka kuirudisha, akamwambia Mama Mwita tata abaki nayo, basi ninayo, imetundikwa pale palipokuwa na koti. Na bahasha yoyote ikiingia kwangu sasa naifungua kabla hata aliyeileta hajamaliza salamu, na mtu akinikuta sijaelewa nitamwambia sijaelewa, hata awe amevaa tai.

Halafu nimefanya kitu kimoja nyumbani ambacho wageni wanakishangaa. Nimetoboa ukuta wangu, ule wa kati ya jikoni na sebule, nikapachika kipande cha mlango wa chuma wenye matundu, kama ya loka, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Watu wanauliza kama ni ya kupitisha moshi. Nawaambia hapana, ni ya kupitisha sauti ya mke wa mwanangu. Zabuni ikija, yeye anakaa kule, mimi nakaa huku, na hakuna anayemvunjia mwenzake heshima.